Wakikuuliza "ikawaje?", nyamaza

Jumapili ya kwanza niliyoendesha mchezo niliongea dakika 40 bila kunywa maji. Nilieleza Mji wa Chumvi, bandari yake, liwali wake, ukoo wa liwali mpaka kwa babu wa babu yake, na ukungu unaotoka baharini kila mwezi unapoandama. Wachezaji wangu wanne, yaani mdogo wangu, fundi wa friji, dada wa duka la dawa na mwalimu mwenzangu wa Jiografia, wametulia mkekani kama wako darasani. Nikafika pale mlango wa ghala unapofunguliwa, ndani giza, na kuna kitu kinapumua. Nikanyamaza ili waseme wanafanya nini.

Wakanitazama. Nikawatazama. Mdogo wangu akameza kashata yake, akasema, "Enhe, ikawaje?"

Nikamjibu, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikawaingiza ghalani mwenyewe, nikawapigania mwenyewe, nikawatoa mwenyewe. Walifurahi, wakanipongeza, wakaomba Jumapili ijayo niwamalizie. Hakuna aliyecheza. Nilikuwa nimewasomea kitabu ambacho hakijaandikwa.

Kwa asiyejua ninachozungumzia: huu ni mchezo wa kuigiza wa mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, na mtu mmoja, yaani mimi, anashika dunia yote iliyobaki: mji, mvua, maadui, muuza samaki. Ukitaka kufanya jambo ambalo huna uhakika nalo, bahati ya namba inaamua. Mchezo huu ulizaliwa Marekani; Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na leo iko michezo mingi ya aina hiyo. Mimi nafundisha hesabu sekondari hapa Tanga, na niliujua kwa sababu ya hesabu: nilikuwa natafuta mifano ya uwezekano kwa Kidato cha Tatu, nikaangukia kwenye maelezo ya dadu ya pande 20, na mpaka leo sijatoka.

Maandishi mengi ya ushauri kwa waendesha mchezo yanahangaika na wachezaji watundu, wanaokatiza, wanaochoma moto hoteli badala ya kwenda pangoni. Mimi tatizo langu lilikuwa kinyume. Wangu walikuwa na adabu mno. Kwa bibi yetu kule Pangani, ukisikia paukwa unaitika pakawa, halafu kazi yako imekwisha. Ukitia neno katikati unaambiwa nyamaza usikie. Tumelelewa hivyo wote, tukalelewa vizuri. Kwa hiyo ukikaa mbele ya Waswahili ukaanza "hapo zamani", wanakaa mkao wa kusikiliza, na hawatatoka kwenye mkao huo mpaka uwatoe.

Namna ya kuwatoa nimeijua kwa kubahatisha. Kwanza, swali la "mnafanya nini?" halina mwenyewe. Kila mmoja anasubiri mwenzake, hasa kama kuna mkubwa kwenye mkeka. Muulize mtu mmoja, umtaje, na swali liwe dogo lenye kushikika. Sisemi tena "mnafanya nini?" Nasema, "Fundi, taa umeishika wewe. Unaiinua au unaizima?" Hilo hata mwenye haya analijibu. Akishasema "naizima", mwenzake anapiga kelele "usiizime!", na hapo mchezo umeanza, mimi nachukua kahawa yangu. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nawapa njia mbili namna hiyo. Wiki ya nne niliuliza, "Unainua au unazima?" fundi akajibu, "Namrushia." Tangu siku hiyo sijawapa tena njia mbili.

Pili, kimya. Darasani nimezoea: ukiuliza swali, hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujajijibu. Kumi ni nyingi kuliko unavyodhani. Kwenye saba hivi mwalimu mchanga anavunjika, anatoa jibu ubaoni. Usivunjike.

Na ukiulizwa "ikawaje?", jibu ni "niambie wewe", halafu funga mdomo kabisa.

Sasa nieleze siku ya zimwi, maana siku hiyo ndiyo niliyojifunza kutupa karatasi. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu. Zimwi kike linalolinda daraja la Mto Mweupe, meno yake, nguvu zake, mahali pa kujificha, mawe ya kuangusha, kila kitu. Nikalieleza linavyotoka chini ya daraja, limezeeka, mgongo umepinda, linanusa. Nikamgeukia dada wa duka la dawa, ambaye mhusika wake ni malenga: "Limekusimamia mbele, hatua tatu. Unafanya nini?"

Akafikiri. Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mbele ya baraza la wazee: "Namwamkia. Shikamoo bibi."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa amenikodolea macho, anangoja.

Na mimi nikakwama. Kwenye kitabu cha kanuni hakuna shikamoo. Ningeweza kusema zimwi halijali, linamrukia, nikaendelea na kurasa zangu tatu, sheria ingeniruhusu. Lakini nilijiuliza: kiumbe kimekaa chini ya daraja miaka 200, kila anayepita anapiga kelele au anatoa upanga. Leo mtoto wa watu ameinamisha kichwa. Kitasema nini? Kitasema kile kinachotoka mdomoni chenyewe, kabla akili haijafika. Nikasema, "Marahaba."

Basi. Ukishaitikia marahaba, humli tena yule mtu, angalau si siku hiyo. Kikao chote kikawa mazungumzo: limewauliza kwao wapi, limemlalamikia liwali anayemwaga maji ya chumvi mtoni, limemtuma malenga kwa mwanawe wa huko milimani. Kurasa tatu hazikuguswa. Nusu ya mambo yaliyofuata mwaka ule yalitoka kwenye lile neno moja, na hakuna hata moja nililoliandaa.

Tangu hapo siandai matukio. Naandaa watu. Kila mtu wa maana kwenye mchezo namwandikia kipande cha karatasi cha ukubwa wa tiketi ya daladala za zamani, mistari mitatu: anataka nini, anaogopa nini, na atafanya nini kama wachezaji wakimwacha. Cha liwali kilisomeka hivi: "Anataka bintiye arudi. Anaogopa watu wajue kwamba binti aliondoka kwa hiari. Wasipomsaidia, siku ya tatu anafunga bandari." Kwa mistari hiyo naweza kumsemea liwali saa nzima, wafanye watakavyo. Wamtukane, wamhonge, wamwoze mtu. Najua atajibuje, kwa sababu najua kinachomuuma. Ule mstari wa tatu ndio wengi wanausahau, na bila huo dunia yako inakaa kama duka lililofungwa, inangoja wateja.

Tuje kwenye bahati, maana hapa ndipo ninapotaka kuringa kidogo.

Dadu ya pande 20 Tanga sikuipata dukani. Na hata ningeipata, mama alishasema: "Dadu? Ndani ya nyumba yangu?" Kwake dadu ni kamari, na kamari hailali chini ya bati lake. Dadu ya ludo haihesabu, kwa sababu inaishi kwenye boksi la ludo pamoja na kete za watoto. Nikakusanya vizibo 20 vya soda, nikaviandika namba 1 mpaka 20 kwa kalamu ya wino mzito, nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Anayetaka kujaribu jambo anachomoa. "Chomoa!" ndiyo amri ya mkeka wetu, na mama mwenyewe siku hizi huisema kutoka jikoni. Sharti ni moja: ukishachomoa, rudisha. Usiporudisha, umebadilisha uwezekano wa anayefuata. Hili nawasisitizia mpaka wamechoka. Baadaye nilifurahi kusoma kwamba hata wenye mchezo mwaka 1979 waliishiwa dadu, wakauza maboksi yenye vipande vya namba vya kuchomoa kikombeni. Kwa hiyo mfuko wangu una ukoo.

Kanuni nazo si lazima ununue kitabu. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia, karibu kurasa 400, bure. Nilizipakua kwenye simu kwa bando la usiku. Ni za Kiingereza, na nyingi hutazihitaji.

Kosa langu la kihesabu lilikuwa mlango wa siri. Niliweka ufunguo wa kisa chote nyuma ya ukuta, nikapanga kwamba atakayechomoa 15 au zaidi ataugundua. Kwa mtu mmoja hiyo ni nafasi 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Wapo wanne, nikajipa moyo, hatakosekana mmoja. Wakachomoa: 4, 11, 9, 2. Tukatazamana. Hakuna njia nyingine ya kwenda mbele, nimeifunga mwenyewe. Usiku nikakokotoa jambo ambalo ningempa mwanafunzi kama zoezi: 0.7 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe kwa watu wanne inatoa 0.24. Karibu mara moja katika kila nne, kisa changu kingekufa ukutani. Na mimi ndiye mwalimu wa hesabu.

Basi sasa, jambo ambalo lazima walijue, wanalijua tu. Wakiupapasa ukuta, mlango upo. Wanachochomolea ni gharama: wameufungua kimya au umelia kama punda mpaka walinzi wameamka? Kabla sijasema "chomoa" najiuliza nitafanya nini akikosa. Kama jibu ni "hakitokei kitu", simwambii achomoe.

Na kosa la pili, ambalo liliua watu. Vibwengo sita dhidi ya mashujaa wanne wa ngazi ya kwanza, yaani ndio kwanza wanaanza. Nilidhani vibwengo ni vitu vya kuchezea, kila kimoja kina uhai 7 tu (uhai ni namba inayopungua kila unapopigwa). Lakini hesabu mapigo, usihesabu ukubwa. Kila kibwengo kilikuwa na nafasi asilimia 60 ya kumpata mtu, na pigo lake ni dadu ya ludo ukiongeza 2, wastani 5.5. Sita wakipiga kwa zamu, ni kama uhai 20 unapotea kila mzunguko. Mashujaa wangu wote wanne kwa pamoja walikuwa na 38. Ilikwisha kabla kahawa haijapoa. Mdogo wangu alichana karatasi ya mhusika wake, akaenda kukaa barazani peke yake. Dubwana moja kubwa lina pigo moja au mawili kwa zamu. Vidogo vingi ndivyo vinavyomaliza watu. Siku hizi pia vibwengo vyangu vinaogopa kufa kama mtu mwingine yeyote. Wakianguka watatu, waliobaki wanakimbia, na anayekimbia anaweza kufuatwa, kukamatwa, kuulizwa maswali.

Kuendesha kwa Kiswahili nako kuna mambo yake, na sijaona mtu akiyaandika.

Neno "kampeni", ambalo ndilo wanalotumia wenzetu kwa mchezo unaoendelea miezi, liache. Nilimwambia jirani kwamba Jumapili nina kampeni, akaniuliza ya chama gani. Sisi tunasema safari. "Mchawi" naye hawezi kuwa shujaa. Mwalimu mwenzangu wa Jiografia alikataa katakata kuandika neno hilo kwenye karatasi yake, na nilimwelewa. Kwetu uchawi si ngano, kuna watu wamegombana na ndugu zao kwa ajili yake. Tukamfanya mnajimu, anasoma nyota, na moto anaourusha anausoma huko. Kila mtu akatulia.

Kisha ngeli. Katika makaburi ya wafalme niliweka sanamu tatu za mawe, na mojawapo ilikuwa hai. Nikaanza kueleza kwa sauti ile ile ya kawaida: "Sanamu ya kwanza imevunjika mkono. Ya pili imeota kuvu. Ya tatu ameshika mkuki."

Mwalimu wa Jiografia akainua kidole. "Umesema ameshika."

"Imeshika."

"Hapana. Umesema a."

Wote wanne wakarudi nyuma kwa pamoja, kutoka makaburini mpaka nje, na hakuna niliyeweza kumrudisha. Mpango wa wiki mbili ulivuja kwa silabi moja. Nilikasirika, kisha nikaona nimeokota dhahabu. Sasa naiweka makusudi, mara moja kwa miezi mitatu hivi, bila kubadili sauti: mti, mtumbwi, pete. "Pete imo kidoleni mwake, inang'aa, anasikiliza." Atakayeisikia, ameisikia.

Na lugha yetu haisemi mwanamume wala mwanamke usipotaka. Adui wao mkubwa, mwenye joho jeusi, alipita, aliacha barua, alitia sumu kisimani, wiki sita nzima. Wao wakasema "jamaa yule", "huyu bwana". Alipovua joho alikuwa mkunga wa mji, mama aliyewapikia uji wiki ya pili. Walinishtaki kwamba nimewadanganya. Nikawaambia watafute ni wapi niliposema bwana. Fundi alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari lake la kazi, katikati ya bei za gesi za friji. Alipekua kurasa zote. Akalifunga daftari, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu mbaya."

Jambo moja lisilo la kuchekesha. Kabla ya safari mpya tunakaa Jumapili moja bila kucheza, kila mtu anataja asichotaka kukiona. Nilidhani ni mambo ya wageni, nikaifanya kwa kuwa nimesoma inafaa. Dada wa duka la dawa akasema, "Watoto wasife." Nikaandika. Sikumuuliza kwa nini, na hakueleza, na mpaka leo sijui. Usiku ule nilifuta kijiji kizima nilichokuwa nimekiandaa. Kama wewe ni mwendeshaji na huna muda wa kufuata ushauri wangu wowote, fuata huu: uliza, andika, usidai sababu.

Tunacheza baada ya alasiri, tunamaliza kabla ya magharibi. Saa mbili na nusu zinatosha. Wanaocheza saa sita mfululizo huko mitandaoni nawaheshimu, lakini hawana mama anayekunja mkeka.

Mwisho, hili la aibu. Mwezi uliopita fundi alianza kulalamika kwamba mfuko unamchukia. Nikamweleza, kwa upole wa kitaaluma, kwamba mfuko hauna kumbukumbu, kila kuchomoa ni tukio huru, na kwamba binadamu anakumbuka alivyokosa na kusahau alivyopata. Nikamchorea na jedwali. Alinisikiliza. Jumapili iliyofuata alifika mapema, akamwaga vizibo vyote kwenye sinia, akavipanga kwa mstari.

Vilikuwa 19. Namba 17 haipo. Nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kuchomoa 17, haikunijia kabisa. Kwa jambo la kuhitaji 15 na zaidi, walikuwa wakichomoa kwa nafasi 5 kati ya 19, asilimia 26 na kidogo badala ya 30, wala hatujui tangu lini. Mama anasema hajakiona. Mdogo wangu anasema vilevile, haraka kidogo kuliko nilivyopenda.

Nimeandika 17 kwenye kizibo cha maji, ambacho ni cha plastiki na kikubwa kidogo, kwa hiyo sasa kila mtu anakitambua kwa vidole, na imebidi anayechomoa avae soksi mkononi. Fundi anadai pigano la vibwengo lirudiwe. Bado tunabishana.